Je, Unene ni Dhambi, au ni Ugonjwa?

Watu wetu wana desturi mbili za kumhukumu mtu mnene, nazo hazipatani. Desturi ya kwanza ni kumsifu. Kijana arudipo nyumbani kutoka mjini, mashavu yamejaa na mkanda umelegezwa, wazee humpokea kwa furaha na kusema, "Umenawiri, mwanetu, mji umekukubali." Kitambi cha baba huhesabiwa kuwa dalili ya mali, na mwili mpana wa mama kuwa ushahidi kwamba mumewe anamtunza vema. Tena, tangu miaka ya 1980, ugonjwa wa UKIMWI ulipoanza kuwakondesha na kuwaua watu wengi katika nchi zetu, wembamba ulizidi kuogopwa na unene ukazidi kupendwa.

Desturi ya pili ni kumdharau. Mtu yuleyule aliyesifiwa jana, leo akipanda basi hupokelewa kwa mizaha. Mtoto mnene hupachikwa majina shuleni. Naye mtu mzima akipatwa na kisukari, majirani hunong'onezana kwamba amejitakia mwenyewe kwa ulafi wake.

Sifa ile na dharau hii zina kosa moja: zote mbili zatazama umbo la nje, wala hazijali yatendekayo ndani. Nyumba njema si mlango. Yatupasa kwanza tuingie ndani ya mwili, tujifunze waganga wamegundua nini katika miaka hii ya karibuni, ndipo turudi kwenye swali la haki: nani ana lawama, na nani ana wajibu?

Karibu miaka 2,000 iliyopita mwandishi mmoja wa Roma, jina lake Celsus, alitaja dalili nne za sehemu ya mwili iliyoumia: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Waroma waliita hali hiyo kwa neno litokanalo na moto, nasi katika makala haya tutaiita mwako. Mwiba ukikuchoma mguuni, chembe nyeupe za damu hukimbilia mahali pale kama askari waliopigiwa baragumu. Huua vijidudu, hula mabaki ya nyama iliyoharibika, na kidonda hupona. Mwako wa namna hiyo ni mwema. Asiye nao hawezi kuishi.

Lakini uko mwako mwingine, ambao Celsus hakuweza kuuona. Hauna wekundu wala maumivu. Haudumu siku nne au tano, bali miaka mingi. Mwenye nao huamka asubuhi, akaenda kazini, akala na kucheka, asijue neno. Daktari huweza kuutambua kwa kupima damu, kwa maana ini likipata habari ya mwako hutoa kwa wingi protini iitwayo CRP. Moto huu wa chinichini, usiozimika wala kulipuka, ndio unaohusika na kisukari cha ukubwani, na magonjwa ya moyo na mishipa, na ini lililojaa mafuta. Kikulacho ki nguoni mwako. Na huu hauko nguoni tu, umo nyamani.

Je, moto huo huwashwa na nini? Zamani watu wengi, hata wataalamu, waliyadhani mafuta ya mwilini kuwa kama gunia la akiba lililowekwa ghalani, lisilofanya kazi yoyote ila kungoja siku ya njaa. Mwaka 1993 wataalamu watatu huko Boston, Marekani, walionyesha kwamba sivyo. Walichunguza panya wanene, wakaona kwamba mafuta yao yenyewe yalikuwa yakitoa kemikali ya mwako, ileile ambayo mwili huitumia kupambana na vijidudu na uvimbe. Walipoizuia kemikali hiyo, insulini ya panya wale ilianza kufanya kazi vizuri zaidi. Mwaka 2003 watafiti wengine wa Marekani wakaonyesha kwamba katika mafuta ya viumbe wanene, panya na wanadamu pia, chembe za kinga ziitwazo makrofaji hujikusanya kwa wingi usio wa kawaida.

Maelezo yake si magumu. Mtu azidishapo chakula kuliko mahitaji yake, chembe zake za mafuta huvimba zaidi na zaidi. Damu haifiki vizuri kila mahali, nyingine hukosa hewa, nyingine hufa. Askari wa mwili huja kuondoa maiti. Lakini kwa kuwa mlaji haachi kula kupita kiasi, maiti haziishi, na askari hawaondoki. Huizunguka chembe iliyokufa, huita wenzao, na kemikali wanazotoa huingia katika damu. Kemikali hizo huziba masikio ya misuli na ini, zisisikie wito wa insulini. Sukari hubaki katika damu. Kongosho hulazimika kutoa insulini nyingi zaidi. Mwisho wake huchoka, na kisukari huingia. Mafuta ya tumboni, yale yanayozunguka matumbo, ni ya hatari kuliko yale ya mapajani, kwa sababu damu itokayo huko huelekea moja kwa moja kwenye ini.

Wala si wingi wa mwili tu. Chakula chenyewe kina sehemu yake. Mwaka 2007 wataalamu wa Ufaransa na Ubelgiji walieleza kwamba panya waliolishwa chakula chenye mafuta mengi kwa majuma manne walipatikana na vipande vya ngozi za bakteria katika damu, mara mbili au tatu zaidi ya kawaida. Ilionekana kwamba ukuta wa utumbo ulikuwa umelegea, na takataka za bakteria zikapenya. Askari wa mwili, wakiona vipande hivyo, huwasha mwako kana kwamba adui ameingia.

Msomaji atasema, panya si watu. Ni kweli. Basi na tutazame watu. Mwaka 2015 yalitangazwa matokeo ya jaribio moja la ajabu. Wamarekani weusi 20 na Waafrika 20 wa mashamba ya Afrika Kusini walibadilishana vyakula kwa majuma mawili. Wamarekani, ambao mafuta yalikuwa yakiwapa asilimia 35 ya nguvu zote za chakula chao, walishushwa hadi asilimia 16, na nyuzinyuzi zikapandishwa kutoka gramu 14 kwa siku hadi 55. Waafrika wakafanyiwa kinyume chake: mafuta yakapanda kutoka asilimia 16 hadi 52. Katika majuma hayo mawili tu, dalili za mwako katika utumbo mpana wa Wamarekani zilipungua, na za Waafrika zikaongezeka.

Jaribio jingine limefanyika karibu nasi zaidi, chini ya mlima Kilimanjaro. Watafiti wa Moshi wakishirikiana na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi, waliwachukua wanaume 77 wenye afya njema, na mwaka 2025 wakatangaza waliyoyaona. Wale wa vijijini, waliozoea ndizi, maharage, mboga za majani na nafaka, walipewa kwa majuma mawili chakula cha namna ya kizungu, kilichosindikwa na chenye nguvu nyingi. Protini za mwako zikaongezeka katika damu yao, na chembe zao za kinga zikawa dhaifu katika kuwajibu vijidudu. Wale wa mjini waliorudishwa kwenye chakula cha asili walipata kinyume chake: mwako ulipungua, na baadhi ya mabadiliko hayo yalikuwa bado yanaonekana majuma manne baadaye. Kundi la tatu lilikunywa mbege kwa juma moja, nalo likaonyesha mabadiliko ya namna hiyohiyo. Hatusemi hivyo ili kumpa mlevi udhuru; watafiti walitazama chakula kilichochachushwa, hawakutazama kilabu.

Yafaa tuwe waaminifu. Majaribio haya ni ya muda mfupi na ya watu wachache. Hayathibitishi kwamba sahani moja ya chipsi italeta kisukari. Yaonyesha tu mwili unavyogeuka upesi kwa kufuata mlo, na waelekea wapi.

Na kwamba moto huo wenyewe ni wa hatari, si moshi tu, ilionekana mwaka 2017. Wagonjwa zaidi ya 10,000 waliokwisha kupatwa na shambulio la moyo, na ambao damu yao ilikuwa na dalili za mwako, walishirikishwa katika jaribio la dawa inayoizuia kemikali moja ya mwako. Dawa hiyo haikupunguza kolesteroli hata kidogo. Walakini waliopewa kipimo chake cha kati walipungukiwa na mashambulio ya moyo na kiharusi kwa asilimia 15, wakilinganishwa na wale ambao hawakupewa. Lakini gharama yake ilikuwepo: waliotumia dawa walikufa kwa maambukizo mara nyingi zaidi kuliko wengine. Ukimfunga mikono askari asiichome nyumba yako, hataweza pia kumzuia mwizi. Ndiyo maana ni afadhali moto usiwashwe kuliko kutafuta maji ya kuuzima.

Sasa turudi kwenye swali letu. Je, unene ni dhambi, au ni ugonjwa?

Wengi hujibu kwa haraka: ulafi umo katika vichwa vya dhambi, mnene ni mlafi, basi mnene ni mkosefu. Hoja hii ina shimo katikati yake. Mtakatifu Gregori Mkuu, aliyekuwa Papa tangu mwaka 590 hadi 604, alitaja njia tano za ulafi: kula kabla ya wakati, kutafuta vyakula vya gharama, kula kupita kiasi, kula kwa pupa, na kudai mapishi ya anasa. Katika hizo tano, moja tu yahusu wingi. Mtakatifu Tomaso wa Akwino naye, katika karne ya 13, alifundisha kwamba ulafi umo katika tamaa isiyotawaliwa na akili. Hakusema kwamba umo katika kilo. Kwa hiyo mtu mwembamba kama mwanzi aweza kuwa mlafi mkubwa, amnung'unikiaye mkewe kila jioni kwa sababu ya mchuzi. Na mtu mnene aweza kuwa mwenye kiasi. Anayepima roho ya jirani kwa mzani wa sokoni anatumia chombo kisicho chake.

Na elimu ya siku hizi yathibitisha kwamba tufanye hadhari. Mwaka 1994 iligunduliwa huko New York homoni iitwayo leptini, ambayo mafuta yenyewe huipeleka ubongoni kuuarifu kwamba akiba yatosha. Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili wa ukoo mmoja, wanene kupita kiasi, wenye njaa isiyotulizwa na chochote. Walikuwa wamezaliwa bila leptini ifanyayo kazi. Mmoja wao alipoanza kudungwa sindano za homoni hiyo, njaa ile ilitulia, na uzito ukapungua. Fikiri, msomaji: ni mara ngapi mtoto kama huyo ameitwa mlafi, na mama yake kulaumiwa kwamba hakumlea vema? Kumbe kilichokosekana hakikuwa adabu. Kilikuwa ni homoni.

Hali kama hiyo ni adimu sana, wala haifai kumpa kila mtu kisingizio. Lakini yatufundisha kwamba kati ya tamaa na tendo kuna mambo mengi yasiyo mikononi mwa mtu: urithi, dawa anazotumia, usingizi anaokosa, kazi ya kukaa kutwa, na umaskini. Naam, umaskini pia. Mjini siku hizi chakula chenye mafuta na sukari nyingi mara nyingi ndicho kilicho karibu na kinachoshibisha upesi. Kibarua mwenye shilingi chache mfukoni hupata maandazi na soda kwenye kona, lakini mboga na matunda ni lazima ayatafute, ayalipie zaidi, kisha apate mahali na wakati wa kupika.

Je, tuseme basi kwamba unene ni ugonjwa tu, kama vile malaria, na hakuna mwenye wajibu? La. Kufanya hivyo ni kumwondolea mwanadamu heshima yake, kana kwamba hana hiari mbele ya sahani. Tujuavyo sasa, hiari yetu haina nguvu sawa kila wakati. Ina nguvu zaidi mwanzoni, kabla moto haujashika. Mwako ukishakaa miaka, mwili huuzoea uzito wake na kuutetea. Mwenye kujaribu kupunguza hupigana na njaa yake mwenyewe, na mara nyingi hushindwa ingawa ana bidii. Kwa hiyo wajibu ulio mkubwa kuliko wote hauko kwa yule aliyekwisha kunenepa. Uko kwa yule anayewaandalia wengine meza.

Hilo ndilo tunalotaka kila nyumba ilitafakari. Karibu kila mtu hula alichowekewa na mwingine. Mtoto hachagui, hupewa. Mzazi amtulizaye kwa soda kila aliapo, au ampaye biskuti badala ya muda wake, anamjengea ulimi na mwili ambao mtoto atakuja kupigana nao akiwa mtu mzima. Samaki mkunje angali mbichi. Mkuu wa shule anayekubali kaunta iuze vitu vitamu na vya kukaanga tu, kwa kuwa vina faida, anaandaa meza. Mwenye kiwanda anayetangaza kinywaji chake kwa picha za watoto wanaocheka anaandaa meza. Serikali inapopanga kodi na kuamua nini kiandikwe juu ya pakiti, yaandaa meza. Na sisi katika sherehe zetu, harusi, ubatizo na kipaimara, tunapomhesabu mwenye shughuli kuwa bahili kama nyama haikuogelea katika mafuta, twaandaa meza ambayo maskini ataona haya asipoiiga.

Kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Hakuna ukuni mmoja uwashao mwako huu peke yake. Basi ni udhalimu kumtwika mzigo wote yule ambaye mwili wake ndio unaoungua.

Huenda mtu akatupinga, na pingamizi lake ni la haki. Atasema: "Babu zetu walikula hivyo kwa sababu hawakuwa na kingine. Njaa iliwaua. Leo tumepata mafuta ya kupikia na nyama kidogo, nanyi mwatuambia turudi nyuma?" Twajibu kwamba hatusifu njaa. Katika nchi yetu wako bado watoto waliodumaa kwa kukosa lishe, na kwao kijiko cha mafuta katika uji ni dawa. Mafuta si adui. Mwili hauwezi kuishi bila mafuta. Linalodhuru ni ziada isiyokoma, hasa mafuta mazito ya vyakula vya kukaanga na kusindikwa, yakiandamana na sukari na unga uliokobolewa, huku nyuzinyuzi zimeondolewa. Lakini taabu hizi mbili sasa hukaa katika nchi moja, na pengine katika nyumba moja. Uchunguzi wa afya uliofanywa Tanzania mwaka 2015 na 2016 uliwakuta wanawake 28 katika kila 100, wenye umri wa miaka 15 hadi 49, wana uzito uliozidi au unene. Duniani kote, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022, mtu 1 katika kila 8 alikuwa na unene wa kiasi cha ugonjwa. Hatuwezi kusema tena kwamba jambo hili ni la matajiri wa Ulaya.

Wala kurudi kwenye makande, mtori, dona, kunde, mchicha na mlenda si kurudi nyuma. Usiache mbachao kwa msala upitao. Madaktari wawili waliofanya kazi Uganda kwa miaka mingi, Hugh Trowell na Denis Burkitt, walishangaa jinsi magonjwa mengi ya Ulaya yalivyokuwa adimu miongoni mwa Waafrika wa wakati ule. Mwaka 1956 Trowell alishiriki kuandika habari za mgonjwa mmoja tu Mwafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, kwa kuwa jambo hilo lilikuwa geni kiasi cha kustahili kuandikwa katika jarida la madaktari. Nani leo angeliandikia jarida habari za mgonjwa mmoja wa namna hiyo?

Basi, tufanye nini? Kwanza, tuache kusifu kitambi. Sifa hiyo yaonekana kuwa ya upole, lakini humwambia mtu azidi kuongeza kuni. Pili, tuache dhihaka. Haijapata kumpunguzia mtu hata kilo moja. Humfukuza tu asiende kwa daktari, na humfanya ale peke yake gizani. Tatu, kila mwenye kupakua chakula, akiwa mama, baba, mpishi wa bweni au kamati ya sherehe, ajiulize kama angependa kuona mwili wa yule anayemlisha baada ya miaka 20. Mboga ziwe nyingi sahanini, kikaango kipumzike siku kadhaa za juma, na maji yarudi mezani mahali pa soda. Nne, aliyekwisha kunenepa asikate tamaa, wala asingoje mpaka awe mwembamba ndipo ajione amefaulu. Akipunguza sehemu ndogo tu ya uzito, kwa kawaida dalili za mwako hupungua katika damu, na mwendo wa miguu wa kila siku humsaidia.

Fadhila ya kiasi si chuki ya chakula. Mwenye kiasi hufurahia chakula chake kuliko mlafi, kwa kuwa yeye hula akiwa huru. Tena kiasi hakikuwekwa ili mtu ajilinde mwenyewe tu. Mwenye nacho humwachia mwingine sehemu yake, humpikia mtoto kitakachomjenga, na hapimi thamani ya jirani kwa upana wa kiuno. Leo jioni, sahani zitakapowekwa mezani, mwenye kupakua na akumbuke kwamba mkononi mwake ameshika zaidi ya upawa.